Alan Bean hakushika brashi uzeeni

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu mwanaanga Alan Bean ni nzuri, ila uchoraji wake umeupitia juujuu, kana kwamba ulikuwa wa kupotezea muda baada ya kustaafu. Bwana huyu alianza kusoma sanaa masomo ya jioni akiwa bado rubani wa majaribio wa jeshi la majini la Marekani, kabla NASA, shirika la anga la Marekani, haijamchukua mwaka 1963. Novemba 1969 akatua na Apollo 12, mtu wa nne kukanyaga mwezi. Mwaka 1973 akakaa Skylab, kituo cha anga cha Marekani, siku 59. Halafu 1981, shato (vyombo vya anga vya kutumika tena) ndiyo kwanza zimeanza kuruka, akaaga na kwenda kuchora.

Na alivyochora sasa! Kwanza anapaka ubao tabaka nene, kisha anaugonga kwa nyundo ileile aliyoitumia mwezini na kuukandamiza kwa soli ya buti la mwanaanga. Vipande vidogo vya nembo za suti yake, vyenye vumbi la mwezi, akavichanganya humohumo.

Wanaolalamika kwamba kaongeza zambarau na rangi ya chungwa wakati mwezi ni kijivu, wakitaka kijivu hicho picha za kamera si zipo? (Kamera ya televisheni ya Apollo 12 haikudumu, maana yeye mwenyewe aliielekeza juani kwa bahati mbaya ikaungua.)

Ombi langu mhariri: tuwekeeni michoro yake hata miwili. Hiyo picha mliyoweka kwenye makala ni ya Buzz Aldrin, mwanaanga mwingine.