Tofali la Udongo na Boma Linalosubiri Bati

Mara kadhaa nimesimama mbele ya mashine ya kushindilia matofali ya udongo katika maonesho ya Sabasaba, pale viwanja vya Barabara ya Kilwa. Kijana anamimina udongo mwekundu uliochanganywa na saruji kidogo, anavuta mkono wa chuma kwa uzito wake wote, na linatoka tofali lenye uso laini, lenye mdomo upande mmoja na mfereji upande wa pili, ili lishikane na mwenzake bila mota katikati. Watu hulishika, huligonga kwa vidole, huuliza bei, huondoka na kipeperushi. Kisha wengi wao hurudi Chanika, Kivule au Goba na kuagiza lori la matofali ya saruji ya inchi sita. Wanaolitetea tofali la udongo wana maelezo ya haraka kuhusu jambo hilo: watu wetu wanaona haya kuishi katika nyumba ya udongo. Naliheshimu tofali lao, lakini maelezo hayo hayamtendei haki mjenzi wa Dar es Salaam, na naamini ndiyo yanayolifanya tofali hilo lisitoke nje ya banda la maonesho.

Lawama yenyewe si mpya. Mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wananchi kwa kung'ang'ania saruji na bati huku wakiyaacha matofali ya kuchoma na vigae ambavyo wangeweza kuvitengeneza wenyewe. Saruji nayo ni udongo, alisema, ila kwa kuwa ni "udongo Ulaya" watu wako tayari kuusubiri. Hoja hiyo ilikuwa na uzito kijijini, katika nchi iliyokuwa inahesabu kila mfuko. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, hata hivyo, udongo huo haukuwa wa Ulaya. Kiwanda cha kilima cha Wazo, humuhumu Dar es Salaam, kilikuwa kinatoa saruji tangu 1966, kwa mawe ya chokaa ya kilima hichohicho, ambayo asili yake ni matumbawe ya bahari ya kale, na tangu 2004 kimekuwa kikitumia gesi ya Songo Songo. Waliojenga msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea. Wazo wanachoma mawe ya ukoo huohuo kwa moto mkali zaidi. Sioni kwa nini kazi ya kwanza iitwe urithi wetu na ya pili iitwe ugeni.

Hayo hayaondoi ubora wa tofali la kufungamana, ambalo mafundi wengi huliita intaloki. Kwa kawaida hubeba saruji kati ya asilimia 5 na 10, halichomwi kwa kuni kama tofali la kuchoma, na ukuta wake ukipangwa na mtu anayejua kazi unaweza kuachwa bila plasta. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelifanyia kazi kwa miaka mingi na kuwafundisha vijana kulitengeneza. Kuna pia hesabu ya mazingira ambayo haikwepeki: uzalishaji wa saruji hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na hapa kwetu mchanga wa matofali ya inchi sita umechimbwa mitoni mpaka kingo za mito kama Tegeta na Mpiji zikaporomoka. Katika mikoa ya bara, ambako udongo mzuri uko chini ya miguu na saruji inafika ikiwa imeshabeba nauli ya mamia ya kilomita, sina pingamizi lolote na tofali hili.

Kwa Dar es Salaam, tatizo linaanzia kwenye swali ambalo halijibiwi pale bandani: nyumba hii itajengwa kwa muda gani?

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na sehemu kubwa ya nyumba walizoingia hazikujengwa kwa mkopo wa benki. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995, na mikopo ya nyumba tuliyonayo leo haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Nyumba za pembezoni mwa mji hujengwa kwa mshahara, kwa faida ya genge, kwa zamu ya kupokea mchezo, kwa fedha ya mazao iliyotumwa na ndugu. Mwaka huu ni kiwanja. Mwaka unaofuata ni matofali mia tatu na lori moja la mchanga. Halafu msingi, halafu ada za shule zinaingia na kila kitu kinasimama. Halafu jamvi, halafu boma, yaani kuta zisizo na paa, halafu lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha. Kupaua huja mwishoni, kwa sababu mbao na bati havigawanyiki vizuri: huwezi kuezeka robo ya nyumba mwezi huu na robo nyingine mwezi wa sita.

Katika mwendo huo, tofali la saruji si kifaa cha ujenzi peke yake. Ni akiba. Shilingi laki mbili zikikaa mfukoni zitaliwa na msiba, na ugonjwa, na jamaa anayekuja na shida ya kweli; zikigeuzwa matofali na kupangwa kiwanjani, hakuna anayeweza kuyaazima. Mwenye matofali hayo halipi riba, haombi dhamana kwa mtu, wala hana tarehe ya marejesho inayomkosesha usingizi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotazama marundo ya matofali yaliyoota nyasi huko Mbagala na Kinyerezi na kuyaita ujinga wa mipango. Ni mpango wa mtu ambaye hana benki inayomtambua.

Akiba hiyo ina sharti moja kubwa, nalo ni kwamba lazima iweze kukaa nje. Boma langu mwenyewe la Kivule lilisimama masika manne bila bati. Mvua za mwezi wa tatu hadi wa tano zililipiga, za vuli zikarudia, majani yakaota sebuleni, na mwaka wa tano fundi alipokuja kupaua alikuta kozi mbili za juu peke yake ndizo zinazohitaji kubadilishwa. Sisemi matofali ya saruji ya barabarani ni imara yote. Wapo wauzaji wanaounyoosha mfuko mmoja mpaka tofali unalikuna kwa kidole na linamwaga mchanga, na hao wanastahili kubanwa kuliko wanavyobanwa sasa. Lakini tofali la saruji la wastani, lililotengenezwa na mtu wa wastani, husamehe miaka kadhaa ya kunyeshewa.

Tofali la udongo husamehe kidogo. Likitengenezwa kwa udongo uliopimwa, likamwagiliwa maji ipasavyo kivulini kwa wiki kadhaa, huihimili mvua. Hilo ni kweli na watetezi wake wana haki ya kulisema. Lakini nguvu yake likiloa hushuka sana kuliko likiwa kavu, na matofali mengi ya kufungamana yana matundu katikati, ambayo katika ukuta usio na paa huwa mifereji ya kushusha maji mpaka kozi ya chini. Aliyelibuni alifikiria nyumba itakayoanza na kumalizika katika kiangazi kimoja. Mwenye uwezo wa kujenga hivyo yupo, ila huyo hata bei ya tofali haimsumbui.

Unafuu wa bei unaotangazwa nao unahitaji kutazamwa kwa karibu. Kwa kuwa saruji imo pia ndani ya tofali la udongo, unafuu mkubwa hautoki kwenye tofali lenyewe; unatoka kwenye mota isiyotumika na plasta isiyopigwa. Sasa ingia katika nyumba za watu walioamua kulijengea mjini, utaona ni ngapi zimepigwa plasta ndani na nje, na kupakwa rangi juu yake. Wengine watasema hiyo ndiyo ile haya niliyoikataa mwanzoni. Mimi nawasikiliza wenye nyumba, na wanachosema ni kwamba viungo visivyo na mota hupitisha wadudu, kwamba mvua ya upepo hupenya upande wa baharini, kwamba mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita mbele anataka ukuta anaoweza kuufuta. Plasta ikishapigwa, sehemu kubwa ya unafuu imekwenda, na aliyelipa ni yuleyule aliyeahidiwa nafuu. Na hata unafuu ukibaki, ni wa ukuta tu. Kiwanja, msingi, nondo za lenta, mbao, bati, milango, nyaya za umeme, shimo la choo, vyote hivyo bei yake haijui ukuta umejengwa kwa nini.

Kisha kuna udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mchanga wa pwani, na mabondeni, kama lile la Msimbazi, kuna mfinyanzi unaovimba ukiloa na kupasuka ukikauka. Udongo mwekundu wenye uwiano mzuri wa mchanga na mfinyanzi hupatikana zaidi kwenye miinuko ya kuelekea Pugu na Kisarawe, na mwenye kiwanja Kigamboni atalipa lori kuufuata. Hapo neno "malighafi ya mahali" linahitaji kuulizwa ni mahali pa nani.

Wanaopenda ujenzi wa udongo hutukumbusha mifano ya nje, na ni mizuri, ila isomwe yote. Hassan Fathy, msanifu wa majengo wa Misri, alijenga kijiji kizima cha matofali mabichi huko Gourna, karibu na Luxor, katika miaka ya 1940, kwa ustadi ambao wasanifu wanausifu mpaka leo. Wanakijiji waliotakiwa kuhamia walikataa, kwa kuwa riziki yao ilikuwa kule kwenye makaburi ya kale walikokuwa wanaondolewa. Ukuta haukuwa kiini cha ugomvi. Francis Kéré wa Burkina Faso, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo duniani, mwaka 2022, alianza na shule ya msingi ya Gando iliyokamilika mwaka 2001, ya matofali ya udongo yenye saruji kidogo. Kinachotajwa sana ni udongo. Kinachotajwa kidogo ni kwamba juu ya udongo huo aliweka paa kubwa la bati, lililonyanyuliwa na kutokeza mbali nje ya kuta, na kwamba paa na ukuta vilikuwa vya mradi mmoja. Udongo wa Gando haukuachwa kusubiri mvua ya mwaka wa nne.

Wazee wetu wa pwani walilijua hilo. Nyumba ya Kiswahili ya miti na udongo, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati iliyoijaza Kariakoo na Ilala, haikuanza na ukuta. Zilichimbiwa nguzo, zikafungwa fito, likapandishwa paa na kuezekwa makuti, na baada ya hapo ndipo watu wakakandika udongo, wakiwa kivulini, chumba kimoja kimoja, kadiri nguvu na futari ya wasaidizi ilivyoruhusu. Udongo ulikuja wa mwisho kwa sababu ndio unaoogopa maji. Tofali la saruji ndilo lililotuwezesha kugeuza mpangilio huo, kusimamisha ukuta kwanza na kuliacha paa lisubiri; na tofali la kufungamana limeletwa mjini likiwa na asili ya udongo na ratiba ya saruji.

Kama kuna njia ya kulifanya tofali hili liwafae watu wa Chanika, naiona hapo. Nguzo za zege na paa vitangulie, ukuta wa udongo ufuate kidogo kidogo chini ya kivuli, na mwenye nyumba aweze kuhamia vyumba viwili wakati vingine viwili bado viko wazi. Si jambo jepesi. Nguzo zinataka nondo na fundi anayejua kuzifunga, na paa lisilo na kuta chini yake huinuliwa na upepo kwa urahisi, kwa hiyo lazima lifungwe kwa uangalifu kuliko tulivyozoea. Maswali hayo yanastahili fedha za utafiti kuliko tofali lenyewe, ambalo limeshatafitiwa vya kutosha. Mkopo nao ungebadilika sura: badala ya mkopo wa nyumba wa miaka ishirini unaotaka hati ya kiwanja na hati ya mshahara, mkopo mdogo wa mbao na bati, wa miaka miwili au mitatu, kwa mtu ambaye ameshaonyesha kwa rundo la matofali kwamba anajua kuweka akiba.

Mashine ile ya Sabasaba ingeweza kuoneshwa chini ya paa la namna hiyo: nguzo zimesimama, bati limepigwa, ukuta wa chumba cha kwanza umefika kwenye dirisha, na wa chumba cha pili umeishia kozi ya nne, ukingoja mwisho wa mwezi.