Meya wa Gander Avuliwa Madaraka Pemba

Nilipewa nafasi ya Meya wa Gander kwa sababu mbili, nazo ni kitambi na sauti. Mwalimu wetu wa maigizo, ambaye alistaafu ualimu lakini hajastaafu kufoka, alisema kwamba meya hawezi kuwa mwembamba, na kwamba katika kikundi chetu chote ni mimi peke yangu ninayeweza kusikika hadi nyuma ya uwanja wa skuli bila ya kipaza sauti, jambo ambalo lilikuwa na uzito wake kwa kuwa kipaza sauti hatukuwa nacho.

Gander, kwa asiyeijua, ni mji wa watu zaidi ya 11,000 katika kisiwa cha Newfoundland, mashariki kabisa ya Kanada. Tarehe 11 Septemba 2001, Marekani iliposhambuliwa na kufunga anga lake, ndege 38 za abiria zilizokuwa zikivuka bahari ya Atlantiki ziliamriwa kutua katika uwanja wa mji huo, ambao ulijengwa miaka ya 1930 wakati ndege zilikuwa haziwezi kuivuka bahari ile bila ya kusimama kujaza mafuta. Watu zaidi ya 6,500 wakateremka kwa ghafla katika mji ambao haukuwa na vitanda vya kuwatosha. Wenyeji pamoja na majirani zao wa miji midogo ya karibu wakawalaza katika skuli, makanisa na majumba yao, wakawalisha, wakawapa nguo kwa kuwa mizigo ilibaki matumboni mwa ndege, na vyakula vilipozidi wakavihifadhi katika uwanja wa ndani wa kuchezea hoki ya barafu, ukawa ndio jokofu la mji mzima. Wakanada wenyewe wameshatunga tamthilia yao ya nyimbo kuhusu siku zile. Sisi hatukuigusa, tulitunga yetu, kwa fidla, udi na dumbak.

Wapo waliotuuliza kwa nini tuufuate wema hadi Kanada ilhali upo hapa kwetu. Swali hilo ni la haki. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuelekea Pemba, na wavuvi wa Nungwi waliingia baharini kuwatafuta watu walioshikilia magodoro juu ya maji. Pemba imejaa nyumba zilizopoteza mtu usiku ule, na Mwalimu aliona kwamba jambo hilo bado si la kupigiwa fidla. Abiria wa Gander waliteremka salama, alisema, kwa hivyo inawezekana kuwacheka bila ya kumwumiza aliyekaa mkekani mbele yako. Tena wale nao ni watu wa kisiwa, hivyo Wapemba watawaelewa.

Kuelewa, waliwaelewa. Hilo ndilo lililotuponza.

Siku ya onyesho tuliondoka Unguja asubuhi kwa boti, kila mmoja wetu akiwa na chai na kipande cha mkate tumboni, kwa mpango kwamba tutafika Mkoani mapema, tutakula, tutapanda gari hadi kijiji kimoja kaskazini ya Wete, na tutabakisha muda wa kufanya mazoezi. Upepo wa kusi ulikuwa na mpango wake. Boti ilichelewa kung'oa nanga, ikachelewa zaidi njiani, na wenzangu karibu wote waliirudishia bahari chai yao pamoja na mkate. Tulipokwisha kuipita Chake Chake gari letu likapasuka mpira. Tulifika kijijini adhana ya magharibi ikiadhiniwa, na onyesho lilikuwa limetangazwa kuanza baada ya isha. Wenyeji walipotuuliza kama tumekula, Mwalimu, kwa kuona haya ya mgeni, akajibu kwamba sisi hatuna shida; kisha akatukusanya nyuma ya darasa na kutueleza kwamba mtu mwenye njaa haigizi njaa, anaionyesha tu, na kwamba hiyo ni bahati ambayo waigizaji wa mjini hawaipati.

Chakula pekee tulichokuwa nacho kilikuwa ni chewa mmoja mzima, mkubwa, aliyenunuliwa soko la Wete kwa fedha ambazo zingetulisha sote. Lakini huyu hakuwa wa kuliwa. Katika kisiwa cha Newfoundland kuna ada ya mgeni kufanywa mwenyeji kwa kunywa tone la pombe kali na kumbusu samaki mdomoni, na hapo ndipo mchezo wetu ulipokuwa ukiishia. Pombe tuliibadilisha kuwa juisi ya ukwaju. Samaki Mwalimu hakukubali kumbadilisha, si kwa mbao wala kwa karatasi, akamtia katika beseni lenye barafu na kuliweka beseni chini ya meza iliyokuwa ndiyo ngazi ya kupandia jukwaani.

Naomba pia msomaji azingatie makoti. Kwa kuwa Kanada ni nchi ya baridi, waigizaji wote walioigiza abiria walivishwa makoti mazito ya mitumba, yamefungwa vifungo hadi shingoni, katika usiku wa Pemba usio na upepo. Pale walipoinuka kuimba wimbo wa kwanza walikuwa wameshalowa jasho, macho yamewazama, na msichana aliyeigiza abiria wa Kifaransa alikuwa akiyumba. Mwalimu, akiwa pembeni, alinyanyua kidole gumba kumpongeza. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba kuyumba kule hakumo katika mazoezi.

Wimbo wenyewe ulianza hivi:

Wageni wametufika, hawana pa kwenda tena,
Mizigo haikushuka, nguo ya pili hawana.

Kwa desturi yetu mwimbaji akikugusa moyo unakwenda kumtunza, na sisi tulitarajia noti mbili tatu. Bibi mmoja wa makamo alisimama kutoka upande wa wanawake, akapanda ile meza kwa heshima zote, na badala ya noti akaivua kanga yake ya juu, akabaki na buibui, akamfunga yule Mfaransa kichwani na mabegani juu ya koti. Akamgusa paji la uso. Kisha akawageukia wenziwe na kusema kwa sauti iliyoishinda fidla, "Huyu ana homa!"

Baada ya hapo kanga zilikuja nyingi. Mwimbaji alipofika ubeti wa tatu hakuonekana tena isipokuwa pua, na mpiga udi alikuwa na doti nzima begani ambayo hadi leo mkewe anamwuliza ilikotoka.

Ilikuwa sasa ni zamu yangu. Mwalimu alikuwa amenifundisha kwamba Meya asizungumze na waigizaji bali awakabili watazamaji, ili kila aliyekaa ajihisi kuwa ni raia wa Gander. Nikasogea mbele, nikalitanguliza tumbo, nikanyoosha mkono kuwaelekea wenzangu na kunguruma: "Enyi watu wa kisiwa hiki! Wageni hawa hawajala tangu asubuhi! Je, tutalala na hali wao wana njaa?"

Kwa mujibu wa maandishi yetu, hapo panafuata kimya kifupi, halafu kiitikio. Kimya kilikuja. Kiitikio hakikuja, kwa sababu dereva wetu, aliyekuwa ameegemea gari lake ukutani, alijibu kwa niaba ya Mungu na ukweli: "Ni kweli, hawajala! Mimi nimekuja nao!"

Bibi mwenye kanga akasimama tena. "Hamna haya nyie," akasema, na maneno hayo hakuwaambia wanakijiji wenziwe bali sisi wa jukwaani. "Mwaimba na watoto wana njaa?"

Upande wa wanawake ukanyanyuka wote kwa pamoja na kutoka uwanjani. Mwalimu, ambaye kwa miaka mingi ameota kuwa na watazamaji wanaoshiriki, alininong'oneza niendelee, nami nikaendelea na onyesho la madereva wa mabasi ya skuli, ambao katika Gander ya kweli walikuwa katika mgomo siku zile, wakauacha na kurudi kazini ili wawabebe abiria. Niliwasihi madereva kwa maneno mazuri sana. Dereva wetu akatangaza kwamba yeye hajagoma, ila mpira wa gari haujalipwa, na kama Meya yupo basi angependa kulizungumza sasa hivi mbele ya mashahidi. Nikalipa, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama. Makofi yaliyopigwa hapo yalizidi yote niliyopigiwa katika maisha yangu ya sanaa.

Wanawake walirudi na masinia. Sijui namna gani vyakula vile vilipatikana kwa muda mdogo kiasi kile, na ninaamini kwamba zipo nyumba zilizolala na njaa usiku ule. Kulikuwa na wali wa nazi chini ya makawa, mchuzi wa pweza, muhogo wa nazi, mkate wa kumimina, na sahani ya halua ya Wete ambayo mpiga dumbak aliiona kabla ya mtu mwengine yeyote, na dumbak ikanyamaza hapo hapo. Majamvi yakatandikwa juu ya jukwaa. Abiria kutoka Ufaransa, Marekani na Ujerumani wakavua makoti na kukaa kitako. Nilijaribu kuwakumbusha kwa macho kwamba bado tuna nyimbo nne, lakini hakuna aliyeyatazama macho yangu.

Hapo ndipo alipopanda sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini.

Alikuwa ndiye mgeni rasmi wetu, mzee mkimya mwenye kofia ya viua, na muda wote alikuwa amekaa mbele bila ya kucheka wala kupiga makofi. Alikuja na daftari. Akaniambia kwa upole kwamba amesikia mimi ni meya, na kwamba hilo ni jema, lakini katika shehia hii mgeni anayelala huandikwa kwake yeye, na kwa jinsi anavyowaona watu hawa wanavyokula, hawataondoka usiku huu.

"Mzee wangu," nikamwambia, "huu ni mchezo tu."

"Mchezo naujua, mwanangu. Lakini kulala watalala kweli."

Hoja hiyo sikuwa na jawabu lake. Akapita jamvini akiwauliza mmoja mmoja jina na atokako. Yule msichana, kwa uzoefu wa mazoezi au kwa kuwa kinywa kilikuwa kimejaa wali, alijibu, "Ufaransa," na sheha akaandika Ufaransa. Mwalimu aliandikwa kuwa ni kiongozi wa msafara. Nilipokunja miguu ili nami nikae, sheha akaninyooshea kalamu.

"Wewe si umesema ndiye mkubwa wa mji?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi wewe ni mwenyeji. Wanawishe wageni."

Bibi mwenye kanga aliniangalia kuanzia juu hadi katikati, akaishia hapo katikati. "Huyu ashiba," akasema. "Tizameni tumbo." Akanipa birika na bakuli la kunawia.

Kwa hivyo Meya wa Gander, ambaye naye alikuwa ametapika baharini, ambaye naye tangu asubuhi hakuonja kitu, na ambaye fedha zake za kununulia chakula cha usiku zilikuwa zimeshaingia mfukoni mwa dereva, alizunguka jamvini akiwamiminia watu maji mikononi huku harufu ya pweza ikimpanda puani. Watazamaji walilipenda sana onyesho hilo. Mzee mmoja alisema kwamba sasa ndiyo ameelewa maana ya mchezo.

Nilipomaliza kuwanawisha, nilipata wazo. Kama mchezo ukiisha, umeya nao unakwisha, nami nitakuwa mtu wa Unguja mwenye njaa miongoni mwa watu wa Unguja wenye njaa. Nikaruka nyimbo zote nne, nikasimama na kutangaza ada ya mwisho: aletwe samaki! Mwalimu akashtuka, kisha akainama chini ya meza, akabaki ameinama kwa muda mrefu. Beseni lilikuwepo na barafu ilikuwepo.

"Yule chewa?" akauliza bibi. "Mlimwacha hapo achine? Nimeshampaka."

Alikuwa amempaka kweli, kwa nazi, ndimu na pilipili, na alikuwa katika sinia la pili, au tuseme mifupa yake ndiyo iliyokuwa katika sinia la pili, kwa kuwa Ujerumani na Marekani walikuwa wameshamfikia. Kilichobaki kilikuwa ni kichwa. Mwalimu alikitazama kwa huzuni ya mtu aliyeona miezi ya kazi ikiliwa na mpiga fidla. Sheha naye alikitazama, akakichukua kwa vidole viwili, akakiweka katika kisahani na kunikabidhi.

"Kichwa ni cha mkubwa wa mji," akasema.

Nikakinyanyua juu ili watu wote wakione, nikakibusu mdomoni kama ada inavyotaka, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakifikisha hapo sikuona sababu ya kukiondoa. Nilikila chote, mashavu na macho, nikalamba nazi iliyobaki kisahanini, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Ndipo nikakumbuka kwamba bado nina sentensi moja ya kufungia mchezo, nikaisema kwa sauti yote niliyonayo: "Kuanzia usiku huu, ninyi nyote si wageni tena, ni watu wa kisiwa hiki!"

Sheha akalifungua daftari lake upya, akalamba kidole, akatafuta ukurasa, na kuniuliza kama basi aifute ile safu ya tarehe ya kuondoka.