Sufuria lita tano, mbona hamna?

Wiki iliyopita sufuria yetu ya ubwabwa ilitoboka. Nikasema safari hii siendi kusukumana Kariakoo, nitaagiza mtandaoni. Nilikuwa ndani ya daladala, simu mkononi, bando linakaribia kuisha.

Tovuti ya duka, jina nalihifadhi, ikanipokea kwa picha kubwa ya mama anayeicheka saladi. Picha ikajigeuza ikaja nyingine, kisha ya tatu yenye neno punguzo. Hiyo nikaitaka. Kidole kinatua, picha imeshaondoka, nikajikuta kwenye mapazia. Sijakaa sawa, kikajitokeza kidirisha kinaomba baruapepe yangu. Alama ya kukifunga ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi, tena ya kijivu juu ya nyeupe, na jua la dirishani limenipiga usoni. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, yaani kila mtu aweze kuitumia hata asiyeona vizuri, inataka maandishi ya kawaida yapishane kwa mwangaza na rangi ya nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Huyu aliyechora hapa nadhani alichora gizani, kwenye kompyuta kubwa, akajipongeza akalala.

Nikakimbilia kisanduku cha kutafutia, nikaandika "sufuria". Hakuna kilichopatikana. Nikaandika kwa Kiingereza, zikamwagika arobaini na ushee. Nilicheka peke yangu hadi jirani akanitazama. Mtu ana sufuria arobaini stoo, na mteja anayemuuliza kwa Kiswahili anamjibu kwamba hana hata moja!

Kwa maoni yangu ugonjwa wetu ni huu: tunaagiza tovuti kama tunavyoagiza kadi ya harusi. Ipendeze, ing'ae, tuwatumie marafiki. Muuzaji wa Kariakoo hana muda huo. Masufuria ameyatundika mlangoni, makubwa chini, madogo juu, na hujauliza bei ameshaitaja. Hapo pana mpangilio mzuri kuliko tovuti nyingi nilizozipitia, na hakulipa mtu kumchorea.

Wenye fedha nyingi nao waliwahi kuanguka hapohapo. Boo.com, duka la nguo la mtandaoni lenye makao London, lilifunguliwa Novemba 1999. Nguo uliweza kuzizungusha kwenye skrini, na kulikuwa na mhudumu wa katuni aliyeitwa Miss Boo. Tatizo ni kwamba wateja wengi enzi hizo waliingia mtandaoni kwa modemu ya laini ya simu, kwa hiyo walikaa wakisubiri kurasa zifunguke. Mei 2000 kampuni ilifilisika, ikiwa imeteketeza kama dola milioni 135. Kurasa nzito hazikuwa sababu pekee, matumizi yao nayo yalikuwa ya kutisha, lakini mteja aliyechoka kusubiri hanunui. Mwaka huohuo wa 1999 Amazon, ambayo kwa sura haikuwa na mvuto wowote, ilipata hataza ya Marekani, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya kununua kwa mbofyo mmoja. Boo walizungusha nguo, wenzao wa Amazon walikuwa wanahesabu hatua za mteja.

Mimi nilizihesabu zangu. Baada ya kuipata sufuria: fungua akaunti, thibitisha baruapepe, jaza fomu. Fomu ikadai postikodi na jina la mtaa na namba ya nyumba. Kwetu mtu anaelekezwa kwa msikiti, duka la dawa na geti la bluu. Nikajaza sifuri tano, ikakubali. Ukurasa wa mwisho kabisa ndipo gharama ya kuletewa ilipojitokeza, na ilikaribia bei ya sufuria yenyewe. Hili silisamehe. Picha inayozunguka ni ushamba tu, lakini kuficha nauli mpaka mtu ameshatoa jasho ni ujanja, na mteja anaujua.

Nikafunga. Jioni nikaona dada mmoja kwenye WhatsApp ameweka picha ya sufuria juu ya meza ya plastiki, taa mbaya, na juu yake ameandika kwa herufi nene: lita 5, mfuniko upo, bei hii, bodaboda hii. Hakuandika "bei njoo inbox", Mungu ambariki. Nikalipa kwa simu, nikamtumia maelekezo ya geti la bluu. Kesho yake saa nne asubuhi bodaboda alikuwa anapiga honi nje.