Nyanya za Dakika 25

Nimetoka sasa hivi kumrudishia mama mwenye nyumba shilingi 2,000 zake, malipo ya awali ya bidhaa ambayo siiuzi, sijawahi kuiuza na wala sina mtaji wa kuiuza, na kwa kuwa mkono bado unanitetemeka kwa hasira ambayo adabu ilinizuia kuionyesha, hesabu za kufunga mwezi zitasubiri mpaka nitoe dukuduku langu.

Ofisi yetu ilipopandishiwa pango, sisi wa idara ya uhasibu tuliambiwa tufanyie kazi nyumbani, nami nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Ninaishi Tabata, anayezijua asubuhi za huku hahitaji kuelezwa kwa nini. Nilijiona tayari nimeketi mezani saa mbili kamili, nimeoga, nimekunywa chai kwa utulivu, wakati walimwengu wengine wangali wanagombea mlango wa daladala. Nililolisahau ni kwamba nimepanga chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji sita, na kwamba katika nyumba ya namna hiyo mwanamume anayeonekana mchana hafanyi kazi. Yupo.

Kuwapo huko ni wadhifa kamili, ila hauna mshahara. Muuza gesi akija, si upo? Mtoto akirudi shuleni kabla ya mama yake, si upo? Mvua ikitishia na nguo ziko kambani, si upo tu, baba? Swali hilo halisubiri jibu, kwa sababu anayeuliza huwa ameshafika getini. Hata mkuu wangu wa idara, ambaye ndiye aliyenileta katika hali hii, hunitumia ujumbe kila baada ya nusu saa wenye neno moja: "Upo?"

Sitaki mtu adhani kwamba nilikaa kizembe. Nilisoma kila kinachosomwa kuhusu namna ya kutunza muda. Nilijifunza kwamba mwaka 1955 Mwingereza mmoja, Cyril Northcote Parkinson, aliandika katika gazeti la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ikaujaza muda wote iliotengewa, nikamheshimu sana, ingawa ni dhahiri kwamba hakuwahi kupanga Tabata, ambako kazi inayotanuka ni ya wenzako na muda unaojazwa ni wako. Nilinunua spika za masikioni za kuzuia kelele. Zilizuia kelele zote isipokuwa kipaza sauti cha wanunuzi wa vyuma chakavu, ambacho nadhani kingesikika hata kaburini. Nilishauriwa nivae rasmi ili akili ijue iko kazini, nikavaa shati na tai, na chini nikabaki na msuli kwa sababu ya joto. Siku niliyosahau na kusimama katikati ya kikao cha video sitaisimulia.

Luku ndiyo iliyokaribia kuniachisha kazi. Mita yetu ni moja kwa nyumba nzima, na kwa kuwa nipo, mimi ndiye ninayesomewa zile tarakimu 20 kwa simu na yeyote ambaye zamu ya kununua umeme imemwangukia. Ilitokea nikasomewa nikiwa nimeinamia orodha ya wadai wetu, na vidole, ambavyo havikuambiwa kwamba mada imebadilika, viliziingiza zote 20 kwenye safu ya kiasi. Kwa muda wa saa nzima kampuni yetu ilidaiwa na muuza karatasi mmoja fedha ambazo bajeti ya taifa haizifikii hata kwa kuzichungulia.

Ndipo nilipobandika mlangoni karatasi iliyoandikwa NIPO KAZINI. Niliiona kuwa sentensi timilifu. Siku hiyohiyo boza la maji likaja, dereva akateremka, akasoma, akaelewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa, kwamba aliye kazini hayupo nyumbani, akaondoka na maji yake kwa wateja wanaopatikana. Jioni wapangaji wote walisimama na ndoo zao tupu mlangoni kwangu. Hawakunigombeza. Waliniangalia tu.

Nikaamua kutafuta utaratibu wenye misingi, na hapo ndipo nilipokutana na mbinu ya nyanya. Francesco Cirillo, Mwitaliano, mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi ambaye akili ilikuwa haitulii kwenye vitabu, alichukua saa ya jikoni ya kuhesabia dakika iliyotengenezwa kwa umbo la nyanya, akaitega, akajilazimisha kusoma mpaka ilie. Kutoka hapo akaunda kanuni: unafanya kazi dakika 25 bila kugusa kitu kingine, unapumzika dakika 5, na ukimaliza nyanya nne unapumzika kirefu zaidi. Nyanya haikatwi. Ukikatizwa katikati, nyanya yote imeharibika, unaanza upya. Niliipenda kanuni hiyo kwa sababu ina ukali ndani yake. Simu sikuitumia, maana simu ndiyo mwizi mwenyewe. Nilichukua saa ya kengele ya mezani ya binti yangu, nikaondoa karatasi ya zamani mlangoni, nikabandika mpya kwa mwandiko wa kujivunia: NIPO KWENYE NYANYA. DAKIKA 25. TAFADHALI MSIBISHE HODI.

Hiyo ilikuwa leo saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika sita alikuja mtoto wa chumba cha pili. Hakubisha hodi, kama alivyoombwa. Alisimama dirishani na sahani ya plastiki.

"Shikamoo. Mama amesema umpimie za mia tano."

Nilimfukuza kwa upole na kuanza nyanya upya. Saa tatu na robo, fundi cherehani wa kibarazani aliuliza, bila kuinua macho kwenye kitambaa, kama ni mbivu au za kupikia kesho kutwa. Nikaanza upya. Saa tatu na nusu nilisikia kandambili ninazozijua zikiburuzwa ukumbini, na kiti cha plastiki kikivutwa hadi mlangoni kwangu, ishara kwamba anayekuja amekuja kukaa.

"Shikamoo, mama," nilisema kupitia wavu wa dirisha.

"Marahaba, mwanangu. Nimeliona tangazo. Nimefurahi sana, nilikuwa nasema na mama watoto wako juzi, kijana mzima kushinda ndani si vizuri. Afadhali umepata la kufanya."

Ninaomba msomaji aisome tena sentensi hiyo ya mwisho. Nina shahada. Nina cheti cha uhasibu kilichowekwa fremu, na kinaonekana kutoka dirishani hapo alipokaa.

"Mama, mimi siuzi nyanya."

"Za wapi? Za Ilula au za Lushoto? Za Ilula ndizo zinazodumu."

"Hizi asili yake ni Italia, mama," nilijibu, kwa sababu nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba ukweli wa kihistoria ungetusaidia.

Alinyamaza kidogo, akaangalia kushoto na kulia, kisha akashusha sauti. "Ndiyo maana umejifungia. Zina ushuru, sivyo? Sado moja shilingi ngapi?"

"Hazipimwi kwa sado. Zinapimwa kwa dakika. Kila nyanya moja ni dakika 25."

"Dakika 25! Basi hizo zimeshaanza kuoza, uziuze haraka."

Kengele ya binti yangu ikalia. Ni kengele yenye sauti ya jogoo. Mama mwenye nyumba aliipokea kama uthibitisho wa jambo fulani, akaguna, akaniambia kwamba kuku nao wana malipo yao, kwamba nyumba hii tangu enzi za marehemu mume wake ni ya makazi, na kwamba mpangaji akigeuza chumba kuwa genge hana budi kukaa na mwenye nyumba wazungumze kodi mpya. Nilianza kumweleza, kwa Kiswahili fasaha na kwa unyenyekevu, historia ya Cirillo tangu alipokuwa mwanafunzi, nikafafanua umuhimu wa mapumziko mafupi kwa ubongo wa binadamu, nikagusia hata nyanya nne na pumziko refu, naye akanisikiliza kwa subira ya mtu anayesubiri punguzo la bei. Nilipomaliza alichomeka noti mbili za elfu moja kwenye wavu.

"Niwekee nzuri nzuri. Ijumaa nina wageni."

Hapo ndipo uungwana uliponiponyoka. Nilipaza sauti: "Mama, mimi nafanya kazi! Hapa nilipo nipo kazini, tangu Januari nipo kazini, kila siku!" Cherehani ikasimama. Mtoto wa chumba cha pili akajitokeza na sahani yake. Mama mwenye nyumba hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma mpaka sasa. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mwenye homa, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kazi gani, baba, na wewe upo?"

Sikuwa na jibu wakati ule na sina sasa. Nimemfuata chumbani kwake na kumrudishia fedha zake kwa mikono miwili, amezipokea, amesema anaelewa, mzigo ukichelewa si kosa la muuzaji. Karatasi nimeibandua. Mkuu wangu ameshauliza "Upo?" mara tatu wakati naandika haya, na kule nje wanunuzi wa vyuma chakavu wanazunguka kona ya msikiti.

Mke wangu naye amepiga simu kutoka kazini kwake, kule ambako kazi inaonekana kwa macho, kuniomba nibandike maharage kwa kuwa nipo. Nimebandika. Yatachukua kama saa moja na nusu, yaani nyanya tatu pamoja na mapumziko yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nimetega saa ya jogoo nikiwa na hakika kwamba hakuna atakayeikatiza, maana maharage mtu huyaheshimu. Kitunguu kipo, mafuta yapo, chumvi ipo. Nimetafuta kabatini, nimetafuta kwenye ndoo, nimechungulia hata kwenye begi la shule la binti yangu. Humu ndani hamna nyanya hata moja.