Huku nagongewa meza, nyumbani niliambiwa nikae chini

Jana mwenzangu wa kusoma kanigongea meza. "Hapana, hujasoma! Rudi juu, anza upya!" Kelele hizo ndani ya chumba cha kusomea, na hakuna aliyegeuka. Dakika tano baadaye kaniletea kahawa. Nyumbani tungenuniana mpaka Idi.

Mtindo wenyewe unaitwa havruta: watu wawili, kitabu kimoja, mnasoma kwa sauti na kubishana mstari kwa mstari. Umezaliwa kwenye vyuo vya dini vya Wayahudi, na mhadhiri wetu wa falsafa kaubeba hadi chuo kikuu hapa Chicago. Tunasoma Dalalat al-Hairin ya Musa bin Maimun, mwanafalsafa wa Kiyahudi: mwongozo kwa waliochanganyikiwa, aliouandika mnamo 1190.

Ugomvi wa jana ulihusu jahazi. Musa anashikilia kwamba Mungu hatuwezi kumweleza alivyo. Tunachoweza ni kuondoa asivyo. Anatoa mfano: watu wamesikia neno jahazi, hawajui ni kitu gani. Mmoja anagundua si madini. Mwingine, si mnyama. Mwingine, si mti uliosimama ardhini, wala si bapa kama mlango, wala si mviringo kama mpira. Wa mwisho anakaribia kuliona. Mimi nimekulia Tanga nikitazama mafundi wakitia kalafati kuziba nyufa za majahazi, nikasema mfano huu unavuja. Jahazi lina mwisho, ukiondoa vya kutosha linabaki lenyewe. Mungu utaondoa mpaka lini? Mwenzangu akasema sijaelewa: yule wa mwisho hakuongezewa picha, kapunguziwa makosa. Hapo ndipo meza ilipogongwa.

Nikakumbuka mwaka wa pili wa digrii yangu ya kwanza. Nilinyoosha mkono nikamuuliza mhadhiri mbona desa, yale maelezo yake ya kukariri, linasema hivi na kitabu kinasema vile. "Kaa chini, usitupotezee muda." Darasa likacheka, nikaitwa Profesa mpaka nahitimu. Kwenye mtihani nikamrudishia desa lake neno kwa neno, nikapata A. Wengine walidisko, yaani walifukuzwa chuo, kwa kutokuwa na desa, si kwa kutokuwa na akili.

Najua mnachoandika sasa hivi: kakaa majuu miaka miwili, tayari anatudharau. Sijasema hatujui kubishana! Nenda kijiwe cha kahawa Ngamiani, kwetu Tanga, baada ya alasiri uone watu wanavyochambua Simba na Yanga, na ushahidi wa fainali ya 1993 mtu anautoa kichwani bila karatasi. Huwezi kusema uongo pale. Sasa vijana haohao waingize darasani, wanakuwa bubu. Nani kawafunga mdomo? Si Mzungu peke yake, jamani, tusimsingizie kila kitu.

Kuna mwingine atauliza, kama alivyouliza mjomba: "Kwa hiyo umekuwa Myahudi?" Hapana, mjomba. Huyu Musa kazaliwa Cordoba 1138, kafia Misri 1204, alikuwa tabibu wa wakubwa wa utawala wa Salahuddin, na alimheshimu sana al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemtangulia. Kitabu chenyewe kakiandika kwa Kiarabu, ila herufi za Kiebrania, kama babu zetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mhadhiri akisoma maandishi ya asili mimi nasikia akili, nafsi, sababu, dalili, sifa. Wenzangu wanahangaika na kamusi. Mimi naona maneno ya bibi yangu. Kiswahili hichohicho niliwahi kuambiwa hakifai kwa falsafa.

Haya, na huku si peponi. Kuna bwana mmoja darasani huongea dakika ishirini juu ya kurasa ambazo hajazifungua, na hakuna wa kumnyamazisha eti kila mtu ana maoni yake. Huyo angeambiwa akae chini, nami ningepiga makofi.

Lakini havruta haina maoni ya bure, kwa sababu kitabu kipo katikati yenu. Talmudi, kitabu cha mijadala ya sheria ya Kiyahudi, inasimulia wafuasi wa walimu wawili, Hillel na Shammai, walivyobishana miaka 3, hukumu ikaenda kwa wafuasi wa Hillel. Si kwa kuwa walikuwa na akili zaidi. Walikuwa wapole, na walifundisha maneno ya wapinzani wao kabla ya kufundisha ya kwao. Na maneno ya Shammai hayakufutwa, yapo mpaka leo ukurasa huohuo. Sisi aliyeshindwa tunamfuta hata kwenye picha za mahafali.

Mhadhiri kaichukua kanuni hiyo. Jumanne natakiwa nieleze hoja ya mwenzangu kabla ya yangu, na yeye ndiye atakayesema kama nimeieleza sawasawa. Nimeiandika mara mbili. Kinachoniudhi ni kwamba ya kwake imetoka nzuri kuliko yangu.