Tamthilia za anga zitashika Mbagala kabla ya Toronto

Juzi wakati wa mapumziko kazini nilimuuliza mwenzangu wa zamu anaangalia nini siku hizi. Akaniambia Andor, tamthilia ya anga iliyotokana na Star Wars. Nikafurahi kweli, maana nimeimaliza yote na sijapata mtu wa kuijadili naye. Nikaanza: "Enhe, ile sehemu mama mtu anaalikwa chakula kwa mkwewe..." Hakuniacha nifike mbali. Akanyoosha kiganja mbele ya uso wangu: "Usiniambie! Usinimalizie uhondo, sijafika hapo." Aliyekaa pembeni yake akachomeka visikilizio masikioni asije akasikia na yeye. Tukala kimya mpaka muda ukaisha, kila mtu ameinamia simu yake.

Nimeishi Kanada muda wa kutosha kujua kwamba hakunikosea. Huku hiyo ndiyo adabu yenyewe. Hadithi ni mali ya mtu binafsi, unaila peke yako, kwa saa zako, na atakayekutajia kilichotokea amekuibia. Lakini iliniudhi, na bado inaniudhi, kwa sababu huyo huyo, kabla hatujanyamaza, alikuwa ameniambia kwamba tamthilia za anga za juu haziwezi kupendwa na watu wote. Tulikuwa tunazungumzia Star Trek: Starfleet Academy, tamthilia ya chuo cha wanaanga, iliyoanza Januari 2026 na iliyopigwa hapa hapa Toronto. Yeye anasema itabaki kwa wale wale, vijana wa kompyuta na wazee waliokua na Star Trek. Mimi nasema siyo, na sababu ninayo: huku watu wamejizuia kusimuliana, halafu wanashangaa kwa nini hadithi ngumu hazisambai.

Fikirieni inavyokuwa mtu anapoanza tamthilia ya aina hii peke yake. Karudi kazini saa nne usiku, kachoka, kawasha. Dakika kumi za kwanza anakutana na sayari ambazo hazijui, majeshi matatu, vyeo, majina ya vyombo, na ugomvi ulioanza miaka mia iliyopita. Hana wa kumuuliza "huyu nani tena?" Anabadilisha, anaangalia mapishi. The Expanse, tamthilia nyingine ya anga, ilipita njia hiyo. Ilianza mwaka 2015, na yenyewe ilipigwa Toronto, na kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote. Baada ya misimu mitatu kituo kikaikata, mwaka 2018. Mashabiki wakakodi ndege ikapita juu ya ofisi za Amazon ikivuta bango la kuiombea, na kweli Amazon ikaichukua ikaenda hadi 2022. Waliokuwa wanaipenda waliipenda hivyo, lakini hawakuwa wengi.

Na hiyo Star Trek ya kwanza? Ilikatwa mwaka 1969 baada ya misimu mitatu, watazamaji hawatoshi. Iliwaka baadaye, vituo vya mikoani vilipoanza kuirudia jioni baada ya jioni, saa ambazo watoto wametoka shule na baba yuko nyumbani. Watu wakaiangalia wakiwa wamekaa pamoja, aliyeiona jana akimweleza ambaye hakuiona. Kwa hiyo hata Wamarekani wenyewe waliwahi kulijua jambo hili. Wamelisahau.

Sisi hatujalisahau. Hapa naomba mnivumilie nijivune kidogo.

Mlio na umri wangu mnakumbuka banda la video. Mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, joto lile, na Lufufu, msimuliaji wa muvi, kwenye spika. Hakuwa anatafsiri tu. Anakwambia huyu ndiye stelingi, yule rafiki yake mwangalie vizuri, atamgeuka. Anakwambia yule mwanamke analia kwa sababu gani. Mtu kapigwa, Lufufu anatia neno lake, banda zima linapokea. Alitusimulia mpaka Titanic. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana maveejay wao wa Kampala, na kote kazi ni ile ile: kuchukua hadithi ya watu wa mbali kabisa na kuiketisha kwenye benchi lako. Unajua tayari nini kitatokea, kwa sababu wameshakusimulia wenzako waliotangulia, na bado unatoa hela yako unaingia. Unaingia kwa sababu umesimuliwa.

Msiniambie hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake, imewekwa sauti za Kiswahili. Beijing ya maghorofa, majina ambayo hakuna aliyeweza kuyatamka siku ya kwanza, na nchi ikaifuata. Mwaka 2013 Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam aliitaja mwenyewe. Halafu Azam TV wakaleta tamthilia za Waturuki: masultani, mahema, vilemba, panga. Nani kati yetu alisoma historia ya Waothmani? Lakini panda daladala asubuhi usikie akina mama wanavyoichambua sehemu ya jana, nani kamwekea nani sumu, na mjukuu wa nani anastahili kiti. Mtu aliyekatikiwa umeme usiku anashuka kituoni anajua kila kitu. Yule aliyefika Istanbul ya karne ya kumi na sita bila shida atashindwaje kufika Mars?

Najua mnavyonijibu, nawasikia kabisa. "Huyu kapanda ndege, anakula theluji huko, sasa anatuletea mambo ya roketi. Sisi maji yenyewe yanatoka mara moja kwa wiki." Dada yangu ameniandikia karibu maneno hayo hayo. Sasa nisikilizeni. Sikuja huku nikageuka mtu mwingine. Ninachowaambia ni kwamba The Expanse inaanzia hapo hapo kwenye maji. Kuna mji umechimbwa ndani ya kijisayari kiitwacho Ceres, na watu wake hawana maji yao. Barafu inaletwa na meli kutoka mbali. Meli moja inalipuliwa, na mji mzima unaingia kwenye mgao. Watu wanapanga foleni, wengine wanaiba, askari anakamata wezi wa maji huku roho inamsuta kwa sababu na yeye kazaliwa humo humo. Kuna mwenye nyumba hataki kubadilisha vichujio vya hewa, mtoto wa mpangaji anakohoa. Mnaniambia mtu wa Kimara au wa Kayole anahitaji kuelezwa nini hapo? Mzungu wa hapa ndiye anayehitaji kuelezwa, maana hajawahi kununua dumu.

Na msiniambie anga ni ya wenyewe. Waitaliano walikuwa wanarusha setilaiti, kwa roketi za Kimarekani, kutoka majukwaa ya baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi, kuanzia 1967. Setilaiti ya Uhuru ilirukia hapo tarehe 12 Desemba 1970, na ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wavuvi wa pale wameona kwa macho yao mambo ambayo mwenzangu wa zamu ameyaona kwenye skrini tu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya karibu nusu tani ilidondoka kutoka juu ikatua kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Ingeangukia nyumba ya mtu je? Nani angelipa? Hiyo peke yake ni tamthilia ya msimu mzima, ina chifu, ina mwenye shamba, ina mwanasheria kutoka Nairobi, ina mwandishi wa habari aliyefika wa kwanza. Kuna anayeiandika?

Nirudi kwa mama mkwe, maana pale ndipo ninapoona mlango ulipo. Kwenye msimu wa pili wa Andor, uliotoka 2025, kuna chakula cha pamoja ambacho naweza kukiangalia kila siku. Kijana anaitwa Syril, kalelewa na mama asiyemwacha apumue. Anaishi na Dedra, ofisa wa usalama wa dola, mwanamke anayeogopwa na kila mtu. Mama anakuja kula. Kuanzia mlangoni hana jema, kila kitu anakichambua, na mwanawe anashindwa kuvumilia, anainuka mezani anaenda kujitupa kitandani. Wanabaki wanawake wawili. Dedra hapandishi sauti. Anamwekea mama masharti polepole: kadiri utakavyomtia mwanao wasiwasi, ndivyo utakavyomwona kwa nadra. Hakuna bunduki hapo wala chombo kinachoruka. Ni mkwe, mama mkwe na chakula kinachopoa.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee. Yuko bibi mmoja ambaye kila nikigusa rimoti ananiambia mapema, hizi za vyombo vya anga sizitaki. Siku moja nilikuwa nakunja nguo zake, televisheni inaonyesha sehemu hiyo ya Andor, nikaanza kumsimulia kama tulivyosimuliwa bandani. Bibi, huyu mama kamlea mwanawe peke yake, sasa anaona ananyang'anywa. Na huyu binti, usimwone amenyoosha nywele hivyo, ana roho ngumu. Bibi akasema acha hapo hapo, usibadilishe. Wakati wa chakula cha jioni alikuwa anamsimulia jirani yake mezani, na kaongeza chumvi ambayo hata mimi sikuitia. Kwa hiyo Wakanada nao ni watu kama sisi. Wamekosa msimuliaji tu, na wamejiwekea sheria ya kumnyamazisha akitokea.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la Starfleet Academy ni kwamba inaweza kupendwa na watu wote. Waliochagua kuiweka chuoni wamechagua mlango mzuri: vijana, mabweni, walimu wakali, mapenzi. Kenya nzima iliwahi kukaa sebuleni kwa ajili ya Tahidi High, tamthilia ya wanafunzi. Lakini ikiachwa iangaliwe mmoja mmoja, usiku, na visikilizio, halafu kesho yake ni marufuku kuizungumza, basi mwenzangu atashinda ubishi, na siyo kwa sababu ya sayari.

Kinachonikera zaidi ni kwetu, na hapa sitawabembeleza. Tuna utamaduni huu mkononi na tunauonea haya. Wenye elimu wanawacheka wasimuliaji wa muvi, wanasema ni mambo ya wahuni. Wenye vituo wanasema mtazamaji wetu anataka ndoa na uchawi tu, hawezi kuelewa zaidi. Hawezi vipi? Mlimuuliza lini? Mwaka 2023 Disney walitoa Kizazi Moto, filamu fupi za kuchora zilizobuniwa na Waafrika, nyingine zinapaa kabisa angani. Jina letu, na wakati huo huduma yenyewe ya Disney+ haikuwapo Tanzania wala Kenya. Sikusikia kituo chochote cha kwetu kikisema tupeni sisi, tutaiweka Kiswahili. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, dunia baada ya vita vya maji. Wangapi kwetu waliiona kwenye televisheni ya nyumbani?

Mtasema tena: hao wasimuliaji wako ni wezi wa hakimiliki. Wengi walifanya bila kibali, ni kweli, na sitetei hilo, waliotoka jasho kutengeneza kazi walipwe. Lakini Azam wananunua haki za Waturuki, wanawalipa waigizaji wa Kitanzania waweke sauti, na hela inarudi. Njia ya halali ipo na watu wameshaipitia. Kilichobaki ni mtu mmoja kwenye kitengo cha vipindi kuthubutu.

Mimi ningeanza na The Expanse, msimu wa kwanza, sehemu kumi tu. Saa tatu usiku, na marudio Jumapili mchana kwa waliokatikiwa umeme. Askari wa Ceres apewe sauti ya mtu wa Temeke, aongee kama wanavyoongea watu waliobanwa, siyo Kiswahili cha taarifa ya habari. Avasarala, yule bibi wa Umoja wa Mataifa mwenye sari na ulimi mkali, apewe mama mtu mzima wa Tanga anayejua kusema neno likakata. Na kabla ya kila sehemu, msimuliaji akae dakika mbili mbele ya kamera atuambie tuliishia wapi, nani wa kumwangalia, nani wa kutomwamini. Amalize uhondo wote akitaka. Nimeshaandika barua ya kuliomba hili, kurasa mbili, na mwenye kumfahamu mtu wa vipindi kwenye kituo chochote cha Dar au Nairobi aniambie nimpelekee nani.