Mahindi ya Julai: mkulima auze yote au afungie?

Unga ukipanda bei Dar es Salaam, lawama huwa mbili. Mlaji wa Manzese husema wakulima na madalali wameficha mahindi. Mkulima wa Songea au Sumbawanga husema serikali humkumbuka pale tu mji unapolalamika. Wote wana hoja, lakini ubishi huu unahitaji hesabu ya gunia.

Kwa mkulima wa mahindi, kujitegemea ni kutolazimika kuuza yote Juni na Julai, wakati kila mtu anauza. Adui wa kwanza ni dumuzi, ambaye akiachwa hugeuza punje kuwa vumbi. Mifuko ya kinga njaa humdhibiti bila dawa: miwili ya nailoni ndani ya kiroba kimoja. Jaza wa ndani kabisa, kamua hewa, sokota shingo, ikunje na uifunge. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili, kisha kiroba. Wadudu hufa kwa kukosa hewa. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Pepeta vizuri kwanza, kwa sababu kipande cha gunzi hutoboa nailoni, na tundu moja tu hurudisha hewa.

Mfuko huohuo ni hatari kwa mahindi yasiyokauka. Unyevu hukosa pa kutokea, ukungu huota, na sumu yake, sumukuvu, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hutaka unyevu usiozidi 13.5%. Asiye na kipimo atie konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, atikise, kisha aache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi 15%: yarudi juani. Isiponata, bado ni busara kuyaanika tena kabla ya kufunga.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ada za shule na deni la mbolea. Tuseme mtu ana magunia 10 ya kilo 100, bei ni shilingi 500 kwa kilo Julai na 800 Januari, mfuko ni 5,000, naye anahitaji 200,000 sasa hivi. Akikopa kwa riba ya 10% kwa mwezi na kufungia yote, faida ya kusubiri ni 300,000. Toa 50,000 za mifuko na 120,000 za riba ya miezi sita, zinabaki 130,000. Akiuza magunia manne na kufungia sita, anabaki na 150,000 za ziada bila deni. Anayehimizwa kufungia kila punje hashauriwi vizuri.

Sasa bei ya Januari iwe 550. Aliyekopa anapoteza 120,000; aliyeuza manne hapati wala hakosi. Bei hukosa kupanda hivyo kwa sababu nyingi, na mojawapo hutangazwa na serikali: kufunga mpaka. Ilifanya hivyo mwaka 2011 na tena 2017, ambapo mara hiyo ya pili nafaka ilizuiwa kutoka na unga ukaruhusiwa.

Hoja ya serikali si ya kubezwa. Kibarua wa Tandale hununua unga kwa kilo, hana ghala, na upungufu humfikia siku hiyohiyo. Ndiyo kazi ya akiba ya NFRA: kununua msimu wa mavuno na kuuza wakati wa uhaba. Ila haiwezi kununua mahindi yote, na zuio la ghafla linamfanya mkulima ambaye hakushauriwa alipie unafuu wa mjini. Akipanda kidogo mwaka unaofuata, mji huohuo utalipa.

Kwa maoni yangu, kanuni ya mpaka itangazwe kabla ya Novemba, mbegu zikiwa bado dukani, na isibadilishwe mpaka mavuno yauzwe. Dharura ikitokea, serikali ianze na akiba yake. Na mizani ifike kijijini: sheria inakataza lumbesa, lakini gunia lenye kilemba la kilo 120 likilipwa kama la 100, mkulima amepoteza kilo 20. Kwa bei ya 500, hizo ni 10,000 kila gunia, gharama ya mifuko miwili ya kinga njaa.